Mlango wa Stoo Unaotazama Uani

Siku hiyo foleni ya malori ilikuwa imefika hadi mbele ya kibanda cha Jenista, pale karibu na mpaka wa Tunduma, na vumbi lilikuwa limetanda juu ya ndoo na mabeseni yake kama unga wa kinu. Alikuwa akimfungia mama mmoja wa Zambia mabeseni matatu, macho yake yakaangukia kwa mwanaume mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi hadi kwenye kola. Amechuchumaa, anapima kitako cha ndoo kwa futi kamba.

"Kaka, hizo ni ndoo. Hazishonewi suruali."

Yule mwanaume hakucheka wala hakununa. Aliandika namba kwenye kipande cha boksi. "Napima rafu, dada. Ukitangulia kujenga rafu, utakuja kutafuta ndoo ambayo haijawahi kutengenezwa."

"Rafu za nini?"

"Stoo ya chakula. Ya kuingia mtu mzima na kugeuka."

Akamwonyesha lile boksi. Alikuwa ameichora yote: magunia ya mahindi juu ya chaga, shubiri moja kutoka ukutani, maharage mkono wa kulia, mafuta ya kula chini, ili dumu likivuja lisichafue kitu. Jenista akaitazama kwa muda.

"Chumvi na sukari umeziweka jirani. Siku mgeni akinywa chai ya chumvi, utamlaumu nani?"

"Nitamlaumu aliyeniuzia ndoo za rangi moja."

Hapo ndipo Jenista alipocheka, na mwanaume akataja jina lake. Ezron. Fundi seremala, mzaliwa wa Ikinga kule Ileje, sasa anajijengea nyumba Hasamba.

Aliondoka na namba yake ya simu. Ikawa anapiga kila saa sita mchana, akiwa anapumzika saiti, mpaka neno dada likageuka mpenzi.

"Mpenzi, karanga zikae wapi?"

"Mbali na wewe. Utazimaliza."

"Basi zikae usawa wa macho yako, uwe mlinzi. Na mkono wako ukiunyoosha unafika wapi?"

Jenista akasimama kwenye nguzo ya kibanda, mkono juu, jirani yake Judith akampima kwa futi kamba huku matingo wa malori wakimpigia miluzi. Sentimita mia moja tisini na nane.

"Rafu ya mwisho itakuwa mia moja tisini," Ezron akasema. "Sitaki upande kigoda ndani ya nyumba yako."

Nyumba yako. Jenista alikaa na neno hilo wiki nzima.

Mwezi wa nne alikwenda kuiona, gauni la kitenge cha njano, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nyumba ilinukia mbao mbichi za paini. Aliingia jikoni akitafuta mlango wa stoo, akakuta ukuta mtupu. Stoo ilikuwa upande wa pili wa ukuta huo, lakini mlango wake ulitazama uani. Ilibidi utoke nje na kuzunguka hatua nane.

"Mvua ikinyesha nitafuata chumvi na mwavuli?"

"Nitaezeka kibaraza."

"Kwa nini mlango usiwe jikoni, Ezron?"

Ezron alifuta mwiko wake wa uashi kwa kitambaa, akaufuta tena. "Uko vizuri hapo."

Ndani ya stoo kila rafu ilikuwa imeandikwa kwa penseli kitu chake. Moja tu, ya kimo cha goti, haikuwa na neno, na ilikuwa imepigwa msasa kuliko zote.

"Na hii?"

"Hiyo iache."

Shangazi yake Enesi alisikiliza habari hiyo akichambua mchele. "Stoo ikitazama uani, mwanangu, ufunguo unakaa kwa mama mkwe. Wewe utakuwa wa kupimiwa unga kwa kopo. Na rafu ya goti ni ya mtoto. Muulize mtoto wake yuko wapi."

Jenista akapiga simu siku hiyo hiyo. "Una mtoto?"

"Sina."

"Umewahi kuoa?"

"Jeni, nipe siku mbili."

"Ndiyo au hapana inahitaji siku mbili?" Akakata. Ezron alipopiga baada ya siku mbili, hakupokea. Wala siku zilizofuata.

Mwezi wa sita alikuja kibandani mama mmoja mwenye kilemba cheusi, akitembea kwa kupapasa ncha za meza. Jenista alimpa kigoda.

"Ndaga, asante, mwanangu. Ndiwe Jenista? Mimi ni Tulinagwe, mama yake Ezron."

Jenista akapiga goti kumsalimu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikutumwa. Yeye hawezi kusema, ndiyo maana nimekuja mimi." Mama akaweka mikono mapajani. "Kule Ikinga alijenga stoo ndani, mlango jikoni, kama wanawake tunavyopenda. Ukuta wa chumba cha kulala haukufika kwenye bati, nyumba haina dari. Mwaka ule dumuzi walikuwa wanamaliza mahindi. Akanunua vidonge vya kufukizia. Unamjua, kila kitu kwa kipimo. Akavihesabu, akafunga magunia, akafunga na mlango, akaenda kazini Vwawa. Hewa ya vidonge haikuujali mlango. Ilipita juu ya ukuta. Aliporudi asubuhi alimkuta mkewe Dina na binti yao Happy wamelala, hawaamki. Happy alikuwa na miaka minne."

Honi za malori zilikuwa zinapiga. Jenista hakuzisikia.

"Ile rafu ya chini ni ya Happy. Kule Ikinga alikuwa na kama hiyo, ya kuwekea kikombe chake. Na wanaosema ufunguo utakaa kwangu, mwanangu, mimi nitaufanyia nini? Hata tundu la kitasa silioni."

Kesho yake Jenista alifunga kibanda, akaenda Hasamba. Alimkuta Ezron jikoni na nyundo na tindo, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshatoboa ukuta tundu la kupita bega. Mwanaume ambaye hakuwahi kukosea mstari, tundu lake lilikuwa limekwenda upande.

"Unafanya nini?"

"Nakupa mlango wako." Akapuliza vumbi kwenye tindo. "Mimi nitakuwa nalala kibarazani. Humu ndani sitaweza, lakini mlango utakuwa nao."

"Mama yako alikuja kwangu."

Ezron akaiweka nyundo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Nilivihesabu vizuri, Jeni," akasema. "Nilivihesabu mara mbili."

Jenista alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaokota tofali lililoanguka na kulifuta.

"Ziba."

"Mvua je?"

"Mwavuli nitanunua mimi. Ziba, mume wangu. Na ukuta wa chumbani uupandishe mpaka kwenye bati."

Alikoroga udongo, akampa tofali moja moja. Kazi iliwachukua hadi jioni. Ezron aliposugua kiungo cha mwisho, alitoa ufunguo mfukoni akamwekea kiganjani, akamfunga vidole juu yake.

Jenista akatoka, akazunguka hatua nane, akafungua. Alikwenda hadi kwenye rafu ya chini, akapiga magoti, akaifuta vumbi lote kwa upindo wa kanga. Kisha akaiacha tupu, kama alivyoambiwa siku ile.