Namba ya Pili kwenye Friji ya Matilda

Mtaa wa Msimbazi umefurika, mikokoteni inataka njia, na simu ya Matilda inalia kama imepagawa. Mara ya kumi na moja asubuhi hiyo! Akasimama ghafla kuizima, jamaa mwenye boksi la nyaya akamvaa kwa nyuma.

"Dada, hiyo simu ina mgonjwa ndani?"

"Friji ya dukani kwangu! Mlango ukiguswa tu, alamu."

Jamaa akacheka, miwani imemteleza puani, shati jeupe kakunja mikono. Vivek, fundi wa alamu, wa Mchafukoge hapo. "Inaropoka kwa sababu inasikiliza kwa sikio moja."

Kesho yake akaja kwenye duka la dawa, akaunganisha vipimo vitatu: cha joto, cha mlango na cha umeme. Friji ivilinganishe vyote kwanza, ndipo ipige simu. Kelele zikaisha, mapenzi yakaanza. Weee, yakanoga!

Jumamosi moja wako bustani ya Mnazi Mmoja, Matilda kapendeza na gauni la kitenge cha njano, mishkaki mkononi. Umeme ulikuwa unakatika-katika, simu ikalia, ikalia tena.

"Baby, inyamazishe bwana! Leo nataka kukusikia wewe tu."

"Haya, malkia." Vivek akaichukua simu, akabonyeza-bonyeza kwenye programu ya alamu.

Jumatatu Matilda akafungua friji, akakutana na joto. Umeme upo, mlango umefungwa, mota imekufa. Simu haijatoa hata mlio. Insulini yote ya kutupa!

Mzee Awadhi, mteja wake wa kila Jumatatu, kasimama na kikapu chake cha barafu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nipe zangu."

"Hakuna, babu. Zimeharibika."

Mzee hakugomba. Akageuka, akaondoka taratibu juani. Matilda akapiga simu huku analia.

"Mzee Awadhi karudi mikono mitupu! Nilikuamini, Vivek!"

"Nimekosa. Ni mimi."

"Ni wewe, ndiyo! Usinitafute tena."

Akambloku.

Ijumaa Matilda akaingia kwenye ile programu ya alamu kutafuta kosa. Mabadiliko ya mwisho yalikuwa Jumamosi, saa kumi na dakika arobaini: ilie pale tu vyote vitatu vikiharibika kwa pamoja. Saa ile ile ya mishkaki! Kumbe Vivek alijua, na akabeba lawama peke yake.

Akampigia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulilalamikia kelele tu. Fundi ni mimi. Joto peke yake lilitosha kukuita, Matilda. Hayo mengine yangekueleza sababu tu."

"Na Mzee Awadhi..."

"Nilimfuata siku ile ile. Alipata dawa kwenye duka moja kule Posta."

Matilda akavuta makamasi. "Njoo uirekebishe."

Akaja kwa miguu, kakonda. Safari hii joto likipanda, iite bila kuuliza mtu.

"Ipige namba ngapi?"

"Mbili. Yangu na yako."

"Ya fundi?"

Matilda aliitazama friji, hakumtazama yeye. "Ya mtu nitakayekuwa naye nyumbani ikilia."

Vivek akaiandika. Akakifumbata kile kipima joto kiganjani, kujaribu. Simu mbili zikalia kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzizima.