Wanga Kwenye Chupa za Maziwa

Chupa nne za maziwa ya mama ziliibwa kwenye friza ya wodi ya watoto njiti, na mwizi akaacha nyingine mahali pake. Sista wa zamu aligundua alipoziyeyusha: weupe ulituama chini, maji yakabaki juu. Asingeangalia, mtoto wa kilo moja angelishwa kitu hicho.

Ufunguo wa friza alikuwa nao yeye. Mganga mkuu alishamwambia afungashe virago.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kinyonga kwa mwendo wake, alizipeleka chupa maabara, akamganda mkemia mgongoni.

Mkemia alidondosha iodini. Ikageuka bluu-nyeusi.

"Wanga," alisema. "Maziwa ya mama hayana wanga."

"Basi ni unga wa jikoni."

Mkemia akapima protini. Rangi ya zambarau aliyoingoja haikutokea. Unga wa kupikia, alieleza, haukosi protini walau kidogo. Huu ulikuwa wanga mtupu, ule wa madobi wa kukazia sare.

Inspekta alirudi kwa sista, akamuuliza maziwa yalikuwa ya nani. Yote ya mama mmoja, alijibu, aliyefiwa na kichanga chake, akaridhia wapewe wengine. Kisha sauti ikamshuka. Mama huyo ndiye dobi wa hospitali.

Inspekta alimkuta akipiga pasi. Hakukana.

"Friza uliifunguaje?"

"Nilileta mashuka, nikakuta ufunguo mlangoni. Sista hajui lolote."

"Umeyauza?"

"Yako nyumbani, kwenye barafu. Sijayagusa."

"Kwa nini, dada?"

Alizima pasi kwanza. "Nilisema wayachukue, nikadhani nimeweza. Niliporudi kazini, kila mtoto aliyelia nilijua ananyamazishwa kwa maziwa ya mwanangu. Nilimkamulia yeye, afande. Sina kingine chake."

"Mtoto wa mwenzio angekunywa wanga."

Hapo ndipo alipolia. "Sikuwaza hivyo. Nilimwona wangu tu."

Inspekta alimpigia simu mganga mkuu, sista asifukuzwe. Nyumbani kwa dobi alizitoa chupa nne, akazitia lakiri. Yeye pia alikuwa na watoto.

"Mnaenda kuyamwaga?"

"Hapana. Ni vielelezo. Yatakaa kwenye friza ya maabara mpaka kesi iishe."

Mama aliinyoosha mikono, akafungwa pingu.

"Basi isiishe haraka, afande."