Chumba Kisicho na Jirani

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kushona mashela. Mama yake, alipougua, alikuwa akimwita kwa kugonga ukuta kwa kastabini yake ya zamani, ile kofia ya chuma ya kidole cha kushonea, mara tatu. Siku ya mwisho ya uhai wa mama, fundi alisikia, akajifanya amelala. Dada yake mkubwa hajamsamehe.

Kaka yao akawalipia safari ya meli ya kitalii, labda watapatana. Fundi akamwomba wakala chumba kilichotulia.

“Chukueni hiki cha chini. Hakina dirisha wala jirani. Nyuma ya ukuta ni bahari tu.”

“Kinamfaa,” dada akadakia. “Kulala ndiyo fani yake.”

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, walizima taa wakajilaza. Chumba kikawa giza totoro. Ndipo ukutani, karibu na sikio la fundi, kukagongwa: ko, ko, ko.

“Dada, umesikia?”

“Nimesikia. Leo itika, basi!”

“Abee, mama,” fundi akaitika.

Kisha, upande wa pili, kwenye ukuta wa kitanda cha dada: ko, ko, ko.

Dada akaanza kukoroma.