Siku Tisa Katika Daftari la Maji

Siku babu alipofariki, hakuna aliyekwenda kijitoni kuchota maji.

Kwa miaka miwili, kila saa kumi na mbili asubuhi, babu alikuwa akijaza chupa ya kioo pale mfereji wa kiwanda cha ngozi unapoingia kijitoni. Aliiangalia kwenye mwanga, kisha akaandika tarehe, rangi na harufu. Mimi nilikuwa mnusaji wake.

"Mke wangu," alinitania, "pua yangu imezeeka. Nusa wewe, mimi niandike."

Maji hayo yaliunguza mboga za wakulima wote wa bondeni. Hawakuwa na uwezo wa kuajiri wakili, lakini ofisi ya msaada wa kisheria mjini ilikubali kuwatetea bila malipo. Wakili wao aliwaambia kuwa daftari la babu ndilo ushahidi wao mkubwa.

Msiba ulichukua siku tisa. Nilipofungua daftari tena, nikakuta siku tisa hazijaandikwa. Niliona kama nimemwangusha babu. Nikachukua kalamu yake, nikaiga mwandiko wake: "Kahawia. Harufu mbaya." Mara tisa.

Wakili alikuja kulichukua daftari siku ya Jumamosi. Alikaa kwenye benchi letu, akafunua kurasa polepole.

"Mzee alikuwa makini kweli," alisema. "Nitalipeleka mahakamani Jumatatu."

Bibi alinitazama. "Mke mwenzangu, mbona hunywi chai? Imekuwa dawa?"

Nikashindwa kuvumilia, nikamgeukia mgeni wetu. "Mama wakili, siku tisa za mwisho niliandika mimi. Sikwenda kijitoni. Nilibuni."

Wakili aliweka kikombe chini. Alitafuta ukurasa ule, akasoma tarehe moja moja.

"Unajua kiwanda kilifungwa siku nne katika hizo? Mashine ziliharibika. Hawakumwaga hata tone."

Nilianza kulia. "Basi nichane ukurasa?"

"Hapana! Hatuchani wala hatufuti. Chukua karatasi nyingine, ueleze ulichofanya na sababu yake. Utie sahihi, na bibi naye atie."

"Mimi sahihi yangu ni kidole," alisema bibi, "lakini hakidanganyi."

Tulipomaliza, wakili alinigeukia. "Nafasi tupu ningeieleza kwa sentensi moja: mzee alifariki. Lakini mistari tisa ya uongo ingewafanya watilie shaka miaka miwili ya ukweli wake. Ukipenda kazi ya mtu, usimwongezee asichokiona."

Mahakamani, karatasi yangu ilisomwa pamoja na daftari. Wakili wa kiwanda aliuliza maswali mengi kuhusu siku zile tisa, lakini kuhusu nyingine hakupata la kusema. Miezi mitano baadaye, kiwanda kiliamriwa kujenga mabwawa ya kusafishia maji yake kabla ya kuyamwaga.

Sasa chupa naijaza mimi. Jana nilikuwa na homa, sikwenda; nimeandika "sikwenda". Leo maji ni meupe, hayana harufu.