Wimbo wa Kutwangia

Asubuhi zetu pale Mshangano zilianza kwenye kinu. Mimi natwanga, mwanangu Skolastika anapokea mchi, na mdogo wake Remmy anatambaa akiokota punje za mahindi. Muhula mmoja Skolastika alikuja na wimbo mpya.

"Moja B, mbili A, tatu D, nne D tena..."

"Wimbo gani huo, hauna hata maneno?"

"Wa shule, mama. Tunauimba tukipalilia maharage ya shule."

Ulikuwa na mdundo mzuri. Hata mimi nikatwanga nao.

Ndio mwaka ambao wilaya ilijaribu mpango mpya: darasa likifaulu mtihani, mwalimu wake anapewa nyongeza. Wazazi tulifurahi, tukasema sasa walimu wataacha kukimbilia vibanda vyao sokoni. Kweli, darasa la nne la Mwalimu Beda likaongoza. Skolastika akapata tisini. Nikawa namwita msomi wangu, mpaka majirani wakanitania, "Mama Skola, siku hizi hata salamu zako zina maksi."

Kisha Remmy akashikwa na homa. Muuguzi wa zahanati akatia vidonge kwenye bahasha, akaandika juu yake namna ya kumpa. Nyumbani maji yalikuwa yamekwisha.

"Msomi wangu, soma hapo umpe mdogo wako," nikasema, nikachukua ndoo.

Niliporudi nilimkuta amesaga vidonge vinne kijikoni. Remmy yuko mapajani pake, kinywa wazi. Bahasha ilisema nusu kidonge.

Ndoo ilinitoka kichwani. Nikampokonya kijiko.

"Soma hapa."

Akatazama bahasha, akatazama miguu yake.

"Soma, Skola."

"Sijui kusoma, mama."

"Na ile tisini?"

Akaanza kuimba kwa sauti ndogo, machozi yakimtiririka: "Moja B, mbili A, tatu D..."

Kumbe wimbo niliokuwa natwangia ulikuwa majibu ya mtihani.

Nilimfunga Remmy mgongoni, nikaenda naye shuleni, Skolastika nyuma yangu. Mwalimu mkuu, Mama Kunegunda, alinisikiliza, kisha akamwita Mwalimu Beda. Yeye hakukana.

"Karatasi za mtihani zilifika mapema, mama, nikawatungia wimbo wa majibu. Na mshahara unaisha mwezi ukiwa bado mchanga. Nikasema, ataumia nani?"

Niligeuza mgongo ili amwone Remmy. "Huyu. Dada yake nusura ampe vidonge vinne badala ya nusu."

Alikaa chini, akashika kichwa.

Mama Kunegunda alilifikisha jambo wilayani. Beda akarudisha nyongeza. Mpango haukufutwa, ila ulibadilishwa: kila mtoto asome kwa sauti mwanzo wa muhula na mwisho wake, mbele ya mwalimu wa shule nyingine, na mwalimu wake alipwe kwa hatua aliyomsogeza. Mchana Beda akawa anabaki na darasa lake, wakianza upya na silabi.

Masika, Remmy alipokohoa, Skolastika aliichukua bahasha mwenyewe. "Ki-ji-ko ki-mo-ja," akasoma, kidole kikifuata herufi. Kisha akakwama. "Neno hili sijui, mama."

"Kutwa," nikamwambia.

Nikamkalisha karibu yangu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulificha, kidogo kifo kimchukue Remmy. Leo umesema sijui, na umeona? Hakuna aliyekufa."