Donge la Kamba la Hulda

Jua lilikuwa limeshagusa mashamba ya ngano Marlys Dvorsky alipoegesha gari kando ya barabara kuu. Alikuja kufagia na kuchukua kitabu cha wageni, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka kumi na tisa. Donge la kamba lilikuwa palepale chini ya paa lake lisilo na kuta, refu kumpita mtu, pana kuliko lori. Watu walikatiza nusu ya jimbo la Kansas kuja kulitazama.

Kila mgeni alipewa kipande cha kamba ya mkonge, akakiunga kwenye donge, na Marlys akaandika jina lake na urefu wa kamba kitabuni. Hakuna aliyenyimwa. Sheria hiyo aliiweka babu yake, ambaye picha yake ilikuwa kwenye kibao: mzee mwenye sikio moja lililoumwa na farasi. Chini yake paliandikwa kwamba yeye, Orval Tietz, alivingirisha donge hili peke yake.

Jioni hiyo Marlys alikuwa na kibao kipya garini. Kiliandikwa jina la Hulda, bibi yake.

Duane, mwenye kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, alimwazima ngazi huku akimtania.

"Kazi yako wewe ni mdomo wa kuwasimulia wageni, Marlys. Ukiupoteza utakula nini?"

"Pai zako za bure."

Duane hakucheka. Wote wawili walimkumbuka Arlene, mama yake Marlys. Siku moja Arlene aliwaambia watalii wa basi zima kwamba utotoni alimwona mama yake, Hulda, akilivingirisha donge ghalani, kila majira ya baridi, mpaka vidole vikatoka damu, baba akiwa amelala. Kufika jioni sauti yake ilikuwa imekwisha. Madaktari walimulika koo lake wasione kitu. Alinong'ona miaka ishirini na miwili, mpaka akafa.

Marlys alipanda ngazi. Alilegeza skrubu ya kwanza ya kibao cha babu, kisha ya pili.

Krrr...

Kamba ikisuguana na kamba. Ikafuata harufu ya ghala: mkonge mkavu, nyasi, mafuta ya taa.

"Hamjafunga bado, binti?"

Mzee mmoja alisimama nyuma ya donge, kofia imemfunika nusu ya uso. Barabarani hapakuwa na gari. Marlys alishuka na, kwa mazoea tu, akakata kipande cha kamba akampa.

Mzee alikipokea, akaanza maongezi. Alisema ameona mambo mengi kando ya barabara za nchi hii: dinosau wa saruji, kiatu kikubwa kama nyumba, ng'ombe wa plasta juu ya kilima. Watu husimama pale, alisema, kwa sababu wanapenda kusikia habari za mtu mmoja mwenye wazo la kichaa, aliyelitekeleza mwenyewe hadi mwisho. Ukiwapa hadithi ya watu wawili, wanarudi garini. Marlys alimsikiliza bila hasira. Hata yeye alizipenda hadithi hizo.

"Niandike jina gani?" aliuliza.

"Unalijua."

Mzee akavua kofia. Sikio moja lilikuwa kipande tu.

Kamba hakuifunga kwenye donge. Aliizungusha kidoleni. Mzunguko mmoja... na koo la Marlys likabana. Mzunguko wa pili... pumzi ikawa nyembamba kama uzi.

"Mama yako alinielewa mapema," mzee akanong'ona. "Rudisha skrubu zangu."

"Mama alikuwa na watoto watatu wa kulea," Marlys alisema kwa shida. "Mimi nina ngazi na bisibisi."

Akapanda tena.

Mzunguko wa tatu. Machozi yalimtoka. Akakitoa kibao cha zamani, akakiweka kipya, akakaza skrubu moja baada ya nyingine huku akisema, kwanza kwa mkwaruzo, kisha kwa sauti iliyovuka barabara:

"Hulda alilivingirisha."

"Hulda alilivingirisha."

"Hulda alilivingirisha, babu, na wewe ulikuwepo."



Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka.

"Kamba nilimletea mimi," alisema.

Marlys alifikiri. Ilikuwa kweli.

"Hilo nitaliandika pia," alisema. "Chini ya jina lake."

Alipogeuka, hapakuwa na mtu. Kipande cha kamba nacho hakikuwepo. Alikitafuta sakafuni, kwenye donge, mfukoni. Kisha kitu kikamtekenya kwenye mzizi wa ulimi.

Sauti yake haikupotea. Kila siku Marlys huwaeleza wageni habari za Hulda, na wengi hawarudi garini mpaka amalize. Jioni wakishaondoka, hukaa peke yake chini ya paa, akafungua mdomo, akaingiza vidole viwili. Huivuta polepole kamba ya mkonge iliyolowa, akaipima na kuiunga kwenye donge. Kitabuni huandika jina la bibi yake.

Mwanzoni ilikuwa nusu futi. Jana ilikuwa futi sita.

Na siku hizi, akivuta, huhisi kuna anayevuta upande wa pili.

Marlys huizungusha kamba mkononi, akakanyaga sakafu kwa nguvu, akavuta zaidi.