Kitabu Nyuma ya Chai

Kila Jumamosi Mwalimu Chiku aliamka kabla ya jua. Aliinjika chai, akawaachia wanawe maandazi mezani, kisha akaenda stendi ya Makambako kutafuta gari la Njombe. Wiki nzima alikuwa amefundisha darasa la pili. Miguu ilimuuma, na nafasi ya kuipumzisha hakuwa nayo.

Chiku alikuwa anasomea shahada katika chuo kikuu kimoja pale Njombe. Msimamizi wake alimwambia wazi: sura ya pili ya utafiti isipofika Jumatatu, atarudia mwaka. Sura hiyo ilihitaji kitabu kimoja cha mbinu za kufundisha watoto kusoma. Maktabani kilikuwa kimoja tu, tena cha kusomea humo humo.

Sasa wanachuo nao wana ujanja wao. Kitabu kinachogombaniwa hukificha. Mtu akimaliza kusoma, anakichomeka nyuma ya vitabu visivyoguswa, ili akirudi akikute. Chiku naye, mwalimu mzima, alikuwa amekificha nyuma ya vitabu vya kilimo cha chai.

Leo alifika na baridi mwilini, koti limelowa ukungu. Akaenda moja kwa moja kwenye vitabu vya chai. Akapapasa nyuma. Hakuna kitu. Akatazama kwenye rafu halisi ya kitabu hicho. Hakuna. Akaketi sakafuni, machozi yakamtoka.

"Kamwene, mwalimu," Dorkasi, mkutubi wa pale, alimsalimu kwa Kibena. "Mbona chini?"

"Sina hata nguvu ya kuitikia, dada. Kitabu changu hakipo."

Akamweleza yote, pamoja na pale alipokificha. Dorkasi hakumkemea. Alishusha pumzi tu, maana habari hizo alizisikia kila siku.

"Basi mwenzako amekiona, akakificha kwingine. Juzi mwanachuo mwenzako, Odilo wa Lupembe, alikitafuta weee, akarudi kwao mikono mitupu. Mnafichana, mnakosa wote."

Chiku aliona aibu. "Naacha chuo, dada. Nimechoka. Nimechoka kweli kweli."

"Kwani hujawahi kukifungua kwenye simu?"

"Kwenye simu? Mimi najua maktaba ni hapa."

"Siku ya maelekezo kwa wanachuo wapya ulikuwepo?"

"Nilikuwa nasimamia mtihani wa watoto."

Dorkasi akamwinua, akamketisha kwenye kiti karibu na dirisha. "Maktaba ni hapa, na iko mtandaoni pia. Fungua tovuti ya chuo. Gusa palipoandikwa maktaba. Weka namba yako ya usajili na neno la siri. Neno hilo usimpe mtu, hata rafiki. Haya, andika jina la kitabu."

Chiku aliandika taratibu. Kitabu kikatokea, na jalada lake lile lile la kijani.

"Chuo kimekilipia," Dorkasi alisema. "Wengi wanakisoma kwa wakati mmoja, hakuna wa kumficha mwenzake. Kipakue hapa kwa waifai yetu, nyumbani utasoma bila bando."

"Vitabu vyote viko hivi?"

"Hapana. Vingine vinasomwa mtandaoni tu, havipakuliki. Vingine tunavyo kwenye karatasi peke yake. Ndiyo maana rafu na viti bado vipo, na chumba cha kujadiliana kipo. Ukikwama ukiwa Makambako, nipigie. Nitakuelekeza."

"Kumbe nilikuwa nasafiri bure," alisema Chiku, akacheka kicheko kikavu.

Kabla ya kuondoka alipekua rafu pamoja na Dorkasi. Kitabu cha karatasi walikikuta nyuma ya vitabu vya sheria. Chiku alikirudisha mahali pake kwa mkono wake mwenyewe, ili Odilo naye akikute.

Alisoma nyumbani, akaandika. Jumatatu sura ilimfikia msimamizi kwa barua pepe, naye akaipokea.

Jumamosi iliyofuata Chiku hakwenda stendi. Alijilaza kwenye kochi na simu yake, akaanza kusomea sura ya tatu. Hakufika mbali. Usingizi ulimchukua, simu ikabaki kifuani, kitabu kimefunguka.

Binti yake Salha akaingia mbio akiimba. Hassani, mume wa Chiku, akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, mwanangu," alinong'ona. "Hii ni maktaba. Maktabani watu hawapigi kelele."